Vijei Aliyemtafsiri Marehemu Baba

Kabla hujacheka, kamuulize mama yangu. Ni polisi mstaafu, ameandika taarifa za ajali na wizi maisha yake yote, na hajawahi kuongeza jambo ambalo halikutokea. Kisa hiki anakisimulia hivihivi ninavyokisimulia mimi, ila yeye hukisimulia akitabasamu, na mimi hukaa karibu na mlango.

Baba alikuwa mwanajeshi, mtu wa Arua. Siku wakwe walipokuja kumposa dada yangu, alishika maikrofoni akahutubia. Mama hakumsikia, alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria. Baadaye wageni wakamwambia, "Mzee alikutaja, banange!" Alisema nini? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Mimi nilikuwa getini nikigawa soda. Baba mwenyewe alipoulizwa alicheka tu: "Utaona kwenye video." Akafa kabla hatujapata kitu cha kuichezesha.

Kwa hiyo mama aliporudi kutoka sokoni Nakivubo na deki ya DVD iliyotumika, nilijua anatafuta nini. Alitaka kusikia maneno hayo, basi.

"Weye binti una digrii," akaniambia. "Unganisha."

Digrii yangu ni ya mipango miji, na kazi yake bado natafuta, lakini nani anasikiliza? Nilisoma kitabu cha maelekezo chote, hata kurasa za lugha nisizozijua, maana huwezi jua onyo limefichwa wapi. Waya wa njano ni wa picha, mwekundu na mweupe ni wa sauti. Nikajifunza pia kwamba diski zinazofanana kama mapacha si kitu kimoja. Kuna zenye alama ya kutoa na zenye alama ya kujumlisha. Kuna zilizochomwa kama filamu, na zilizochomwa kama mafaili ya kompyuta. Deki inakubali hizi, inakataa zile. Nikaitia diski ya ile posa; deki yetu ilifikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba ndani hamna diski. Nikaitoa, nikaitazama, nikaanza kujiuliza kati yangu na deki ni nani anayeota.

Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inapiga mabati ya majirani hapa Bukoto. Baba Mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi.

"Profesa! Chuoni walikufundisha kutoa na kuingiza tu?"

Nikaifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Safari hii picha ikaja. Baba huyo, suti ya kijivu, maikrofoni mkononi, midomo inacheza. Kimya kabisa. Nikaelewa: imechomwa kama faili, na sauti yake ni ya aina ambayo deki haiijui.

"Ongeza sauti," mama akasema.

"Mama, imefika mwisho."

"Basi ongeza tena."

Ungemwambia nini mjane aliyesogeza kiti mpaka magoti yanagusa runinga? Nikabonyeza kile kitufe cha rimoti cha kubadilisha lugha. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa choo.

"Haya haya haya! Sikirizeni, mabibi na mabwana!"

Mtu yeyote wa Kampala angeijua sauti ya namna hiyo. Alikuwa vijei, mmoja wa wale wanaotafsiri filamu za kigeni huku zikiendelea na kutia utani wao katikati. Lakini nani amtafsiri baba yangu, tena kwa Kiswahili cha Muganda, l na r zikibadilishana viti? Nilifikiria kibanda cha video cha jirani. Kile ninachokijua kiko Kalerwe, na sauti haitembei kutoka Kalerwe hadi Bukoto kwenye mvua.

"Mzee ameshika maikrofoni kama bunduki! Anasema, mnakura na kusifu chakura, aliyepika yuko jikoni hamumuoni. Anasema, kila nilipohamishwa kambi, mwanamke yule alifunga godoro, akabeba watoto, hakuuliza tunakwenda wapi. Mpaka leo najiuliza: kwa nini hukuuliza?"

Baba Mdogo akaruka, akang'oa waya mwekundu na mweupe. Ziko mkononi mwake, zinaning'inia, na sauti inaendelea! Niamini.

"Weye mwenye tumbo, keti! Unaziba picha!" vijei akamkemea.

Akaketi. Sakafuni.

Mama hakugeuka. Aliiambia runinga, polepole, "Kwa sababu popote ulipokwenda, ningekuja."

"Ngoja, mama, nimfikishie," vijei akasema. Akanong'ona kwa Kilugbara, lugha ya kwao baba, safi kuliko changu. Na baba, ndani ya video iliyopigwa akiwa hai, akaacha kuhutubia, akainamisha sikio kama anayesikiliza, kisha akacheka ule mcheko wake wa kufunga macho. Niambie, ni aina gani ya diski inayofanya hivyo? Kwenye kitabu cha maelekezo haimo. Nimeangalia.

Niliipeleka diski kwenye deki ya rafiki: picha tu, kimya. Niliipeleka deki kwa fundi, mama akanifuata, akainyakua mezani kwake na kuirudisha nyumbani akiwa ameikumbatia. Baba Mdogo siku hizi anatusalimia akiwa barazani na chai yake analetewa hukohuko. Kila Jumapili mchana mama anajipaka mafuta, anavaa gomesi, gauni lake la sherehe, anawasha. Mazungumzo yao yamesonga mbele sana. Wiki iliyopita walibishana kuhusu shamba la Arua, na nadhani mama alishinda.

Kwa hiyo nakuonya. Ukipata diski yenye picha bila sauti, shukuru kwa picha, iache. Usibonyezebonyeze ukitafuta lugha. Na kama una mama kama wangu, ukaona kwamba lazima ubonyeze, basi wewe toka chumbani kwanza. Mimi sikutoka. Sasa kila Jumapili, wanapomaliza yao, vijei anakohoa na kusema, "Mzee anauriza, huyu binti kazi bado?"