Pasipoti kwapani, dawa mkononi: Mchukuzi wa mizigo anayesubiri jibu la mumewe

Asubuhi haijakomaa, na foleni ya masanduku imeshafika barabarani. Meli ya kitalii itaondoka alasiri, lakini abiria wake ni watu wa mapema, kama wageni wa harusi wanaoogopa kukosa viti vya mbele.

Mchukuzi wa mizigo aliyevaa fulana ya kijani anamsimamisha mzee mmoja mnene ambaye ameshamkabidhi sanduku.

"Dawa zako ziko wapi, mzee wangu?"

"Humo humo ndani."

"Pasipoti?"

"Hii hapa."

"Iweke kwapani. Bana. Haya, sasa fungua sanduku."

Mzee anamtazama mkewe. Mkewe anageukia pembeni kuficha kicheko. Hata hivyo kwapa linabanwa, sanduku linafunguliwa pale pale sakafuni, na mfuko wa dawa unachomolewa chini ya suruali na kuhamia kwenye begi dogo la begani.

Ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Kwapa. Jina lenyewe analipenda, ingawa binti zake wamemwomba asilitumie mbele ya wakwe.

Kazi yake ni kupokea masanduku makubwa, kuyafunga lebo zenye namba za vyumba na kuyapakia kwenye toroli. Kuuliza habari za dawa hakumo katika kazi hiyo. Amejiongezea mwenyewe.

"Watu wanadhani wakinipa sanduku hapa, watalikuta chumbani," anasema. "Wapi! Linapita kwenye mashine, linapangwa, linapandishwa kwa zamu. Saa nyingine linafika mlangoni kwako jua limeshazama. Mpaka hapo una kile ulichoshika tu."

Kwa hiyo begi la mkononi, kwa maelezo yake, ni nyumba ya siku ya kwanza. Dawa na miwani viwemo, na chaja ya simu, na nguo moja ya kubadilisha kwa sababu kuna watakaomwagikiwa na juisi kabla meli haijang'oa nanga. Mwenye mtoto asisahau nguo ya kuogelea. Bwawa huwa wazi mapema, na mtoto anayetazama wenzake wakiruka majini atakulilia mpaka ujute kuzaliwa.

Siku ya kurudi nayo ina vituko vyake. Usiku wa mwisho abiria hutoa masanduku nje ya milango yao ili yakusanywe. Wapo wanaopanga kwa bidii hadi suruali ya kuvaa asubuhi inakwenda na sanduku.

"Nimempokea baba mtu mzima anashuka na pajama," anasema Mama Kwapa. "Anatembea kama hakuna kitu. Na mimi nikajitia hamnazo, nikamwambia karibu nyumbani, bosi."

Habari ya kwapa aliijua kwa kosa lake mwenyewe. Alipokuwa bado mgeni kazini, alimfungulisha sanduku bwana harusi mmoja ili atoe dawa ya pumu. Kijana akaitoa, akaweka pasipoti juu ya mashati mikono iwe huru, akafunga, akashukuru sana. Sanduku likaenda, na pasipoti ikaenda nalo. Bibi harusi alikuwa ameshapanda. Lilipopatikana kwenye lundo, ngazi ilikuwa karibu kuondolewa.

"Msimamizi akaniambia nikirudia, kwaheri. Nikawaza, basi niache kuuliza? Nikaona hapana. Shida si swali. Shida ni mikono miwili."

Msimamizi wake bado analalamika kwamba anachelewesha foleni. "Lakini tangu aanze mambo yake ya kwapa, hajaniletea kesi," anasema. "Kwa hiyo nanyamaza."

Ukimuuliza kwa nini anang'ang'ania dawa, Mama Kwapa hupunguza sauti. Mumewe, fundi wa mafeni na pasi, ana kifafa. Hunywa vidonge asubuhi na jioni, na kwa sasa hali imetulia. Mara ya mwisho alianguka sokoni. Watu walimzunguka wakitazama, na alipozinduka viatu vyake havikuwapo.

Tangu hapo haendi harusini wala msibani, na hata kinyozi humfuata nyumbani.

Mwezi uliopita, kampuni ya wachukuzi ilichezesha bahati nasibu ya kumpa mfanyakazi mmoja safari fupi ya meli, yeye na mwenzake. Jina lililotoka ni la Mama Kwapa. Miaka yote hiyo ya kupandisha mizigo ya wengine, yeye hajawahi kuvuka lango la abiria. Anatakiwa kutoa majina mawili kufikia Jumamosi, la sivyo nafasi itakwenda kwa mwingine.

Mumewe amekataa katakata.

"Dada yangu yuko tayari hata leo," anasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini nikienda na dada, si nitakuwa nimemwambia mume wangu kwamba kweli yeye ni mtu wa kufichwa ndani? Bora tukose wote."

Nyumbani kwao, chumba na sebule nyuma ya gereji, begi dogo la kahawia liko juu ya kiti. Yeye akiweka kitu, mumewe anakitoa. Juzi aliweka kofia ya mumewe. Jana aliikuta msumarini. Mganga hajigangi, na bingwa wa mabegi ya watu ameshindwa kupanga la kwake.

Mama Kwapa anatoka kwenda dukani kununua sukari ya chai ya mgeni, mwandishi wa habari hii. Fundi, ambaye muda wote amekuwa akifungua feni, anaweka bisibisi chini.

"Mwanangu, gazeti lako linatoka lini?"

Anajibiwa Alhamisi.

"Huwa analisoma kazini, wanagawana kurasa na wenzake." Anatazama mlangoni. "Nimekataa mwezi mzima. Sasa nirudi nyuma hivi hivi mbele yake? Atanicheka mpaka Krismasi. Wewe andika."

Aandike nini?

Fundi anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, hata kucha.

"Andika naogopa. Usifiche, naogopa sana. Nikianguka huko, wataniona watu nisiowajua. Lakini yeye atakuwepo, na yeye akiwepo najua nitazinduka na viatu vyangu."

Hatua zinasikika nje. Anaokota bisibisi haraka.

"Na uandike jina langu alipeleke Alhamisi hiyo hiyo, asingoje Jumamosi."