Siku Shikamoo Ilipokosa Marahaba

Niliacha shule kidato cha pili, mwaka ambao wazazi wetu walifuatana kaburini. Nilibaki na wadogo zangu watatu na kazi ya kufagia ofisi ya uchapaji karibu na stendi ya Babati. Nikifagia, nilitazama vidole vya mchapaji. Alipohama nikakalia kiti chake, mashine za taipu zikaondoka, kompyuta zikaingia, na mimi sijainuka hadi leo. Nimefungua simu zilizojifunga, nimetoa punje za wali kwenye kibodi ya mchungaji, nimemhakikishia mzee mmoja wa Bonga kwamba printa haimchukii, imeishiwa karatasi tu.

Kanuni yangu ni moja: usimcheke mtu, mwulize amebonyeza wapi. Atasema, "Sijabonyeza kitu." Hapo ujue amebonyeza.

Kanuni hiyo ilinitoa jasho siku mdogo wetu wa mwisho alipokuja kuposwa. Nilimlea tangu hajui kuvaa viatu bila kuvigeuza, na sasa alikuwa amempata mtu anayemtaka kweli. Lakini kwetu, bila neno la baba mkubwa hakuna posa, na baba mkubwa alikuwa Kiteto na mifugo yake, mguu umevimba. Alikuwa na simu mbili: ya kitochi, ndogo ya vitufe, anayoijua, na ya kioo, aliyonunuliwa na wanawe. Nikasema atazungumza na wageni kwa video. Wiki nzima nilimfundisha.

"Usiguseguse kioo, baba mkubwa."

"Sigusi. Nakitazama tu."

Siku yenyewe wageni watano waliketi sebuleni kwangu Singe, mbele ya kompyuta. Picha ikaja: paji la uso la baba mkubwa na, nyuma yake, mbuzi.

Mshenga wao, mwalimu mstaafu, akasimama na kuvua kofia. "Shikamoo, mzee wetu."

Paji la uso likasogea kidogo.

"Shikamoo, baba!" wakasema wote watano, kama darasa.

Kimya.

"Tumekataliwa," shangazi wa mchumba akanong'ona, akiuvuta mkoba wake. "Mtu mzima haachi shikamoo ikaning'inia hewani."

Mdogo wangu alichungulia nyuma ya pazia la jikoni, machozi yakimlengalenga. "Dada, fanya kitu!"

Wakati huo huo mbuzi akafungua mdomo, akakaza shingo, akalia. Hatukusikia chochote. Nikaelewa. Nikampigia baba mkubwa kwenye kitochi.

"Baba mkubwa, umezima sauti. Umebonyeza wapi?"

"Sijabonyeza kitu."

"Chini hapo kuna alama ya kipaza sauti, ina mstari. Iguse."

"Naona nyekundu."

"Siyo nyekundu!"

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

"Na mlango ametufungia," shangazi akasema, akasimama.

Nikawahi mlangoni, nikauziba kwa mwili wangu. "Wageni wangu, kaeni. Mzee hajakataa. Sauti ilizimwa. Hata mbuzi wake amelia, nani amemsikia?"

"Mbuzi nimemwona," mshenga akakiri. "Alifungua mdomo kweli."

"Alikuwa anatafuna," shangazi akabisha.

"Anayetafuna hakazi shingo, mama."

Walipokuwa wakibishana juu ya shingo ya mbuzi, niliweka simu yangu sauti ya juu, nikaitia ndani ya bakuli la bati ili isikike vizuri, nikaliweka bakuli katikati ya meza. "Baba mkubwa, achana na picha. Sema na wageni hapa."

Bakuli likanguruma. "Wageni gani hao? Nimeitikia mpaka koo limekauka! Nimewauliza habari za safari, hakuna aliyenijibu! Binti hatumtoi kwa watu wasiojua salamu!"

Wageni wakatazamana. Kumbe kila upande ulijiona umekataliwa.

Mshenga akapiga magoti mbele ya bakuli. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Wakaenda mmoja mmoja. Shangazi, wa mwisho, aliinama hadi ncha ya kilemba ikaingia ndani.

"Marahaba, mama. Wewe una sauti ya mtu mwema. Habari za mlikotoka?"

Shangazi akauachia mkoba. Zilifuata habari za mlikotoka, za mvua, za mahindi, za ng'ombe, za mguu, na za mguu tena. Mimi nilikuwa nimeinama nikitazama chaji.

"Barua yenu ya posa nilisomewa," baba mkubwa akasema hatimaye. "Sasa mwanangu aniambie mwenyewe. Unamtaka?"

Mdogo wangu akatoka jikoni, akapiga magoti. "Ndiyo, baba," akanong'ona.

"Sikusikii."

"Ndiyo."

"Umezima sauti?"

"NAMTAKA!"

Majirani wa upande wa pili wa ukuta ndio waliopiga vigelegele kwanza. Sisi tulikuwa bado tumeliinamia bakuli, vichwa saba vikigusana, tukisubiri.

"Basi," bakuli likasema, "mpeni."