Boneti ya Mwaka Mwingine

Juzi, rafiki yangu, nilipita mtaa wa Bertrams, huku ugenini kusini mwa Afrika, nikitokea Braamfontein ninakosoma. Sikuwa na shughuli yoyote huko. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, nilisikia injini kubwa ikinguruma, ile ngurumo ya magari ya zamani ya Kimarekani, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi kwenye uwa tulimoishi nilipokuwa mdogo. Nikakuta ukuta mpya na geti la chuma. Hata harufu ya rangi haipo.

Baba alikuwa fundi bodi, mtu wa Tanga, na uwa wote ulikuwa wake na bati zake. Mwaka ule tulikuwa safarini bila kuondoka. Mabegi yalikaa nyuma ya mlango, yamefungwa, nasi tukitaka shati tunalichomoa na kurudisha. Bibi, mama yake mama, alikuwa mgonjwa huko Tanga, na baba alikuwa ameahidi kwamba gari la Kimarekani la mzee mmoja likishafunga boneti tu, tunarudi huko kuishi. Basi nikilala nawaza boneti, nikiamka naulizia boneti. Mwalimu akitoa kazi ya wiki ijayo, namwambia huenda nisiwepo.

Boneti ya asili ya gari lile ilikuwa bapa, imeliwa na kutu. Mzee akapata nyingine, ya gari la jina hilohilo lakini la mwaka uliofuata, yenye mdomo mpana juu wa kuvuta hewa. Bawaba zilikubali, bolti zilikubali, mdomo ukakataa. Kwenye gari la mwaka wa boneti hiyo, chujio la hewa lilikaa nyuma kidogo na chini kidogo. Kwenye hili la mzee lilikuwa mbele na juu. Hewa ingeingia na kupotelea pembeni bila kufika kwenye kabureta. Baba akaamua kukata sinia la bati la kuzunguka chujio, akalivisha mpira ukingoni, ili boneti ikishuka iubane mpira sawasawa pande zote.

Lakini utapimaje uwazi usioweza kuuona boneti ikiwa imefungwa? Baba alipima kwa ugali. Ndiyo, ugali wa mama! Kila mchana, kabla hatujanawa, alimega matonge madogo, akayapaka mafuta yasigande, akayapanga juu ya ule mpira, akashusha boneti na kuifungua tena. Palipopondeka mno, sinia limepanda mno. Tonge lililobaki nene, hapo hewa itavuja. Sisi tunangoja, mchicha na dagaa vinapoa. "Ugali wa leo laini, haunipi ukweli," anasema. Kesho yake mama anausonga mgumu, naye anasema mgumu mno.

Jirani yetu, fundi cherehani kutoka Kongo, aliuliza kila siku akichungulia juu ya ukuta, "Mama Zuhura, ile boneti iko inafunga leo?" Mama alicheka kwa mdomo tu. Mwenye gari naye akija, anazunguka gari lake na kusema, "Sharp, fundi, hakuna haraka." Wenye haraka tulikuwa sisi. Bibi akipiga simu alituuliza, "Mmefika wapi?" kana kwamba tuko njiani, na mama alijibu, "Tunakuja, mama." Nilimkasirikia baba.

Jumapili moja baba alikwenda kutafuta mpira mwingine. Mama akasonga ugali, lakini hakuupakua. Alitoka na sufuria, kanga kiunoni, akayapaka matonge mafuta, akayapanga mwenyewe, akashusha boneti. Ikalia ka! Alipoifungua, matonge yote yalikuwa na unene mmoja, kuzunguka sinia lote. Akaketi juu ya ndoo ya rangi.

Baba alimkuta hapo, mpira mpya ukining'inia begani.

"Baba Zuhura, hii imefunga tangu lini?"

Baba aliyatazama matonge. "Siku nyingi kidogo," akasema. "Kule nitagonga matangi ya pikipiki tu, Mama Zuhura. Gari kama hili silipati tena."

"Na mimi mama kama yule nampata wapi?"

Baba aliuweka mpira chini na kwenda kumpigia simu mwenye gari.

Tulimkuta bibi yu hai. Alinishika mkono, akanitazama sana, lakini hakuweza tena kutuuliza tumefika wapi.

Nilisimama mbele ya lile geti mpaka ngurumo ikapotea upande wa Ellis Park. Sijui kama ndilo gari lenyewe. Sinia la baba sijui liko wapi, fundi cherehani amehama, na mimi bado nikifika mahali sifungui begi lote. Baba yuko Tanga na matangi yake ya pikipiki. Nikienda likizo namwona mezani: anamega tonge, analibonyeza kwa dole gumba, analigeuza na kutazama unene wake kabla ya kula. Mama humwacha amalize kutazama, kisha humsogezea bakuli la mchicha.