Swali la Mama Kuhusu Maji

Msikilize mgombea anapoulizwa jambo. Hapo ndipo utamjua. Mama alinifundisha hivyo katika uwanja wa Ruring'u, aliposimama kwenye mkutano wa kampeni akamuuliza mgombea ubunge, "Mheshimiwa, maji ya mfereji yatafika kwetu Tetu lini?"

Mgombea alitabasamu. "Kwanza, mama, wewe ni bibi ya nani?"

Watu walicheka. Mama alipotaja jina la baba, mgombea alimgeukia chifu aliyeketi kando yake, kama kumwambia alikumbuke jina hilo, na kicheko kikakatika. Maji hayakutajwa tena.

"Umesikia?" mama aliniambia njiani. "Mimi nauliza maji, yeye anauliza mlango wetu, ajue pa kutupata."

Mwaka huo kura zilipigwa hadharani, kwa kupanga mstari nyuma ya picha za wagombea. Mama aliupita mstari mrefu wa mheshimiwa, akasimama kwenye ule mfupi wa mpinzani wake. Nilimfuata, chifu akitutazama.