Karanga Miguuni kwa Mzee Salimu

Hili nalisimulia nikiwa nimeangalia chini, maana hata leo, na kustaafu nimeshastaafu, nikilikumbuka masikio yanapata moto. Nilikuwa nesi wodi ya majeruhi hapa Dodoma, enzi zile za ruksa, biashara zimefunguliwa, madukani kila kitu kimejaa ila wodini hata vyuma vya kuvutia mguu uliovunjika hatuna, kwa hiyo tunajaza mchanga kwenye kifuko, tunaupima, tunakifunga kwenye kamba, kamba inapita kwenye roda, kile kigurudumu cha kamba, miguuni mwa kitanda, kifuko kinaning'inia na mfupa unanyooka taratibu.

Mzee Salimu, Mrangi wa Kondoa, muuza mitumba, aligongwa na lori akiwa kwenye baiskeli, paja likavunjika. Swali lake lilikuwa moja tu kila asubuhi: "Mwanangu, mpaka ndoa ya binti yangu nitakuwa nimesimama?" Binti mwenyewe wa pekee, na baba ndiye wa kumwozesha. Daktari alimwambia wiki zilizobaki zinatosha, mradi mguu uvutwe bila kulegea.

Sasa Jumanne moja, saa nane mchana (ile saa upepo unaleta vumbi jekundu madirishani, mapazia yanajaa na kupungua, wagonjwa wote wamelala na wewe unatembea lakini umelala pia), kifuko cha mchanga kikapasuka. Mchanga wote sakafuni, na mhudumu wa kuleta mwingine kaenda kula. Kando ya kitanda kulikuwa na kiroba cha karanga za kukaanga alichokileta mkewe, nikakipima kwenye mizani ya watoto, kilo tano kasoro kidogo, nikasema hiki kitatusaidia kwa nusu saa, nikakitundika. Mzee akacheka, "Haya, leo navutwa na shamba la mama watoto."

Nusu saa ikawa siku tatu. Nilisahau kwamba kile ni uzani, na jinsi nilivyosahau ndiyo aibu yenyewe. Mzee Salimu kwake mgeni haondoki mkono mtupu, na wageni wake hawaishi, wengine wa Kondoa, wengine wa Chang'ombe hapa hapa mjini, kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa, "Pale miguuni, chota." Wanachota. Na mimi (hapa natamani ardhi inimeze) mchana nikipita nachota kiganja, nasimama dirishani natafuna polepole, nje mwanga mweupe, kilima kinaonekana kinapotea vumbini, nawaza nyumba nitakayojenga na baraza lake, rangi ya milango, mahali pa kuweka kochi, nasikia raha mpaka sijui kama niko kazini.

Ijumaa mchana daktari bingwa akaingia na wanafunzi sita wa uuguzi nyuma yake, akakitazama kile kiroba kilichosinyaa, akakinyanyua kwa kidole kimoja. "Sista, huu ndio uzani wa mgonjwa?" Nilitaka kujibu, kinywa kimejaa. Nikaitikia kwa kichwa, ganda moja jekundu limenibaki mdomoni, na mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Kumbe sista ndiye anayeula." Wodi nzima ikacheka, hata wa kitanda cha mwisho aliyekuwa na mbavu tatu zilizovunjika.

Daktari hakucheka. Alitoa futi ya kitambaa, akapima mguu huu, akapima na ule. "Umefupika. Mifupa imepandana. Tunaanza upya, mzee, wiki nne nyingine." Kicheko kikakatika. Mzee Salimu akahesabu kwa vidole juu ya shuka, akafika kidole fulani akaacha, akaniangalia mimi.

Siku ya ndoa, mdogo wake ndiye aliyemwozesha binti kule Kondoa. Mzee Salimu, pale pale kitandani, alivaa kofia na kanzu mpya iliyokunjwa mpaka kiunoni, chini shuka na kamba, akalala akitazama dirisha.

Nikamwambia, "Mzee wangu, nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile. Ila leo usinisemeshe, mwanangu. Muda huu ndio wanafunga ndoa, nataka nisikilize."

Hakukuwa na cha kusikia, upepo tu. Nilivuta kiti nikakaa naye mpaka zamu yangu ikaisha, machozi yananitoka. Niliapa pale pale kwamba shida ya mgonjwa sitaiahirisha tena hata dakika moja, na ahadi hiyo nimeitunza mpaka nastaafu, kwa wagonjwa nisioweza kuwahesabu. Lakini Mzee Salimu binti alikuwa naye mmoja tu.