Kata Kwanza, Ndipo Upunguze

Siku niliyoanza kazi ya kompyuta nilivaa gauni langu la kanisani. Ilikuwa mwaka wa 2007, hapa mjini Nakuru, na nilikuwa tayari mtu mzima mwenye miwani na magoti yanayolalamika. Kabla ya hapo nilikaa kaunta ya studio ya picha, nikipokea filamu na kuwapangusa watoto kamasi kabla hawajaketi mbele ya kamera. Mwenye studio alikuwa Mzee Harjit, Kalasinga mzaliwa wa mji huu. Babu yake aliletwa na reli kutoka upande wake wa dunia, na babu yangu aliletwa na reli hiyo hiyo kutoka magharibi, kwa hiyo tulitaniana kwamba sisi ni watoto wa injini moja.

Asubuhi hiyo aliniketisha mbele ya kompyuta, akavuta kiti chake.

"Perpetua, watu hawataki tena picha ya bahasha. Wanataka ya kutuma kwa email. Kaa hapo ujifunze."

"Mzee, mimi hata taipureta sijawahi kugusa."

"Hata mimi. Ndio maana nimekuweka wewe."

Basi nikajifunza. Ninyi mnaosoma haya mnapiga picha kwa simu, na kabla mtu hajafunga mdomo picha iko Marekani. Wakati wetu ilikuwa kazi ya mtu kuketi na kutoa jasho. Picha ya kamera ya dijitali ni vidoti, mamilioni ya vidoti vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, na vikiwa vingi sisi tulisema picha ni nzito. Intaneti yetu ilipita kwenye waya wa simu, na picha nzito ikiingia humo ilikwama kama ng'ombe mlangoni. Wateja walisubiri, wakapiga miayo, wakaenda sokoni na kurudi, na picha bado haijaondoka.

Kazi yangu ilikuwa na sehemu mbili, na watu wengi walizichanganya. Kupunguza ni kuondoa vidoti, ili picha iliyokuwa na upana wa meza ibaki na upana wa kiganja. Kubana ni jambo lingine. Hapo vidoti vinabaki vile vile, ila kompyuta inaacha kukumbuka kila kimoja, na vile vinavyokaribiana rangi inavifanya kuwa kitu kimoja. Ukibana kidogo hakuna anayejua. Ukibana sana uso unaota mabaka ya mraba mraba, na mabaka yakishaingia hayatoki, hata ulie.

Katikati ya mwaka nilipelekwa tawi letu la Naivasha. Msimamizi wa tawi alikuwa mama mmoja mrefu asiyecheka kabla ya saa nne. Wateja wetu walikuwa wafanyakazi wa maua kutoka Kamere, na familia za Kihoto zilizokuwa na watoto ng'ambo. Kila nilipobana picha alisimama nyuma yangu.

"Ikuze hapo kwa macho," aliniambia. "Kama macho hayana mwanga, rudia. Huyo mama ametoka shamba la maua na miguu imevimba, usimtumie mtoto wake tope."

Nilimwogopa sana mwanamke yule, na ni yeye aliyenifanya niwe fundi. Ilipokaribia Krismasi nilirudishwa Nakuru, ambako foleni ilifika hadi nje ya mlango.

Kiti cha pili cha kompyuta kilikuwa cha Mzee Wafula, fundi wetu mkuu. Yeye alikuwa msafishaji wa nyuso. Zamani za filamu alikwaruza negativu kwa wembe na kuzipaka penseli ncha kali, chunusi na makovu yakapotea, mtu akatoka studio akiwa mzuri kuliko alivyoingia. Kompyuta ilipokuja alijifunza kufanya hivyo hivyo kwa mausi. Hakuna mteja aliyeomba kusafishwa na hakuna aliyetozwa. Ilikuwa heshima ya studio, kama kumpa mgeni kiti. Na kwa kuwa kompyuta yetu ilijaa upesi, picha kubwa zilifutwa kila wiki baada ya kuchapishwa, tukabakisha nakala ndogo zilizokwisha safishwa.

Desemba hiyo alikuja bibi mmoja kutoka Keringet, mkulima wa viazi, na mjukuu wake wa miaka mitatu aliyeitwa Neema. Mama ya mtoto alikuwa kazini Kamere na alitaka picha ya Krismasi. Neema alikataa kucheka. Mzee Wafula alijiwekea kofia ya mtoto kichwani, akacheza kama bata, mpaka Neema akacheka. Nyanya Neema, kama tulivyomwita yule bibi, alichukua picha yake na kwenda zake ameridhika.

Kisha uchaguzi ukaja, na mnajua ghasia zilizofuata. Sitaki kusema nani alimfanyia nani nini. Niliona moshi juu ya mji niliozaliwa, na niliona watu wakilala kwenye uwanja wa maonyesho chini ya turubai, na moyo wangu uliuma na bado unauma. Maduka mengi yalifungwa. Mzee Harjit aliinua mlango wa chuma nusu tu, akasema anayetafuta mtu wake kwa picha atahudumiwa bure, awe wa kabila lolote.

Nyanya Neema aliinama akapita chini ya mlango huo asubuhi moja ya mwaka mpya wa 2008. Alikuwa na kanga moja na viatu visivyofanana. Siku ya kukimbia, majirani walimpandisha Neema lori moja na yeye akasukumwa kwenye lingine, na malori yakashika njia tofauti. Nyumba iliungua, na ile picha ikaungua nayo, na mama ya mtoto alikuwa amekwama Kamere. Mtu wa kambini alikuwa amemwambia kwamba kituo cha kanisa huko Kericho kina watoto waliookotwa, na akampa namba ya simu.

"Mama, ile picha ya mtoto mko nayo bado?" aliniuliza.

Nilikuwa nayo, ile ndogo. Nilipiga kituoni kwa simu yangu ya mkononi, akashika kijana aliyeitwa Daudi. Alisema wana msichana wa umri huo asiyesema neno tangu afike. Nikaituma picha. Tulingoja. Daudi akapiga.

"Auntie, nimeangalia vizuri. Si yeye. Huyu wetu ana alama nyeusi kwa shavu, na wenu uso ni clean kabisa."

Niliyarudia maneno hayo kwa sauti, na Nyanya Neema akasimama. "Alama! Neema wangu ana alama, amezaliwa nayo. Hapa chini ya jicho. Kwani kwa picha haionekani?"

Mzee Wafula alikuwa ametoa miwani yake na kuishika mkononi. "Niliitoa," alisema. "Ni mimi niliitoa hiyo alama, mama. Nilitaka awe mrembo kwa mamake." Nilimhurumia sana. Maisha yake yote alikuwa akiwafanyia watu wema ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Mzee Harjit hakupandisha sauti. "Wafula, hata yangu ya harusi ulisafisha. Sasa tufanye kazi."

Nilimweleza Daudi, naye alinisikiliza kwa adabu, lakini alikuwa na shida yake. Saa sita basi lenye polisi lingechukua watoto wasio na wenyewe kuwapeleka nyumba ya watoto Kisumu, na baada ya hapo nani angejua wamegawanywa wapi. Watu walikuwa wamefika kituoni na kudai watoto wasio wao, wengine si kwa ubaya, ni kwa uchungu tu, na ile alama alikuwa ameitaja yeye mwenyewe kwanza. Alimpa mtoto simu asikie sauti ya nyanya yake. Mtoto alisikiliza, akairudisha, kimya.

"Nitawatumia picha yake," alisema Daudi. "Nyanya yake akimtambua, namwacha hapa. Asipomtambua, anaenda. Siwezi kufanya lingine, Auntie."

Picha ya kwanza ilikuwa nzito mno. Ilikwama njiani mpaka laini ikakatika. Ya pili aliipunguza na kuibana hadi ikawa nyepesi kama unyoya, ikafika mara moja. Ilikuwa picha ya watoto wote wamesimama ukutani. Uso wa kila mtoto ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi, na nilipoukuza ulijaa mabaka. Msichana wa mwisho kulia alikuwa na doa shavuni. Aliyesimama karibu naye pia alikuwa na doa, na hata ukuta ulikuwa na madoa.

Nyanya Neema aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Nilikuwa nimeomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Angesema tu ndiyo, basi lingeondoka na mtoto angebaki, mengine tungeyatatua baadaye.

"Sioni," alisema. "Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa wa mtu mwingine, na huyo mtu anamtafuta huko Kisumu sasa hivi. Siwezi kuchukua mtoto wa mtu."

Nilitaka kulia na nilitaka kumtikisa. Nikashika simu badala yake.

"Daudi, mwanangu, sikiliza. Usipunguze tena hiyo uliyonitumia, hiyo imekwisha haribika. Rudi kwa ile kubwa ya kamera. Iko?"

"Iko."

"Sasa kata kwanza. Chora kisanduku kwa uso wake tu, toa ukuta, toa wale watoto wengine, toa hata nguo. Umetoa?"

"Nimetoa. Imebaki kichwa na kola kidogo."

"Imekuwa nyepesi yenyewe, unaona? Ulikuwa unabeba ukuta mzima. Sasa punguza kidogo tu, na usibane. Ikikuuliza ubora, weka juu kabisa."

"Auntie, basi limeingia kwa gate."

"Wacha liingie. Tuma."

Enzi hizo picha haikutokea yote kwa pamoja. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayeteremsha pazia taratibu. Zilitoka nywele kwanza, zimenyolewa, na Nyanya Neema akasema hakumwacha hivyo. Ukaja upande wa paji la uso. Zikaja nyusi. Picha ikasimama. Mzee Harjit alikuwa ameshika waya wa simu ukutani kwa vidole viwili, akiubana usicheze, na Mzee Wafula hakuweza kutazama, alisimama mlangoni ameipa kompyuta mgongo. Yakatoka macho, na macho yalikuwa na mwanga. Ikashuka mistari mingine michache, na chini ya jicho la kushoto ikaanza kutokea alama nyeusi, juu yake kwanza, kisha katikati, kisha yote.

Nyanya Neema aliweka kidole kwenye kioo. Alingoja picha ishuke hadi shingoni. "Daudi," aliniambia, "mwambie Daudi ni huyu. Mwambie amvue hiyo nguo ya kubana shingo, haipendi."

Basi liliondoka bila Neema.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye, studio ilipofungwa kwa sababu kila mtu alikuwa na kamera mfukoni. Wajukuu wangu hunicheka nikiwaambia nililipwa mshahara kwa kupunguza picha. Simu zao zinapunguza na kubana zenyewe, wala haziulizi. Siwaonei wivu, na sisemi zamani ilikuwa bora, maana haikuwa. Nawaambia tu waweke ile kubwa mahali, na kabla ya kutoa kitu kwenye uso wa mtu wamuulize mwenyewe. Wao hujibu, "Sawa, shosho," halafu hawafanyi. Kazi ni kama hivyo, ukiiacha inaendelea bila wewe, na hilo nimelizoea.

Lakini kuna asubuhi moja ambayo siizoei. Barabara ilipofunguka, Nyanya Neema alisindikizwa hadi Kericho, na waliporudi walipitia studio kabla ya kwenda kambini. Mtoto alikuwa mgongoni, hasemi, macho makavu. Nilikuwa sijaifuta picha ya Daudi, nikaifungua ili nimwonyeshe Nyanya Neema kwa mara ya mwisho. Uso ule mmoja ulijaza kioo kizima. Neema alinyoosha shingo juu ya bega la nyanya yake, akatazama kwa muda mrefu. Akagusa alama ya kwenye kioo. Akagusa shavu lake.

"Mimi," alisema.

Nyanya yake aliketi chini sakafuni, mtoto akiwa bado mgongoni, na sote tukamsikia Neema akilirudia neno hilo.