Gari Jeusi, Maji ya Munyu na Kanzu ya Bwana Harusi

Nianze na aibu yenyewe, ili mkicheka tucheke pamoja: mimi ndiye mjomba niliyempeleka bwana harusi kwa wakwe zake akiwa na alama ya mlango wa gari mgongoni, nyekundu juu ya kanzu nyeupe, na alama ile niliisababisha kwa mikono yangu hii miwili, kwa nia njema kabisa.

Idrisa ni mtoto wa dada yangu. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, nikamchukua hapa kwangu Kerege, akakua na wanangu, tukalima naye mihogo, nikamsomesha kwa kadiri ya uwezo wangu. Sasa kijana akaenda kuchumbia Bagamoyo mjini, pale Dunda, kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi, watu wenye nyumba ya baraza na mlango wa nakshi, ambao hata wakikusalimu unaona kabisa kwamba salamu yako wewe ilikuwa fupi. Baba wa binti, Mzee Hatibu, nilionana naye mara mbili tu wakati wa posa, na mara zote mbili niliongea mpaka nikajichosha mwenyewe (mimi nikiogopa huwa naongea). Kwa hiyo siku ya ndoa nilikuwa na jambo moja tu kichwani: asitokee mtu wa kusema yule kijana hana baba.

Ndiyo maana nikaenda kuazima gari kwa jirani yangu, Mzee Kombo. Gari lake ni jeusi tii, mlango wake unaweza kuufanya kioo cha kunyolea ndevu, na tangu astaafu, kazi yake kubwa ni kulitunza. Akanipa funguo bila kinyongo, akasema, "Nimelipangusa asubuhi. Likishika vumbi lipige kitambaa tu. Ukilazimika kuliosha, lioshe kivulini, na usiache maji yalikaukie mwilini." Nikamwambia naam mzee, nimekuelewa, na wallahi sikuwa nimesikia hata nusu, kwa sababu wakati ule nilikuwa nawaza kama nyama ya pilau itatosha.

Gari lilifika kwangu safi, jamani, hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Lilikuwa na vumbi jepesi tu la hii njia yetu. Mke wangu, Mama Zuhura, akaniambia lipanguse, uje ule, uoge. Mimi nikasema hapana, gari la bwana harusi haliendi na vumbi, nitaliosha ling'ae zaidi. Maji ya bomba siku ile hayakutoka, ya mvua kwenye tangi yalikuwa ya kupikia wageni, nikachota ya kisimani. Sasa kisima chetu kina munyu, ukifua nguo zinakakamaa kama ngozi ya ngoma, lakini nikawaza, gari halinywi maji, litajuaje? Kivuli kilikuwa kimeshakaliwa na masufuria na akina mama wapishi, nikaliegesha katikati ya uwanja, saa saba mchana, jua la kupasua mawe. Nikalimiminia ndoo kwa ndoo, nikalisugua kwa sabuni ya unga, nikalisuuza, nikaliacha lijikaushe lenyewe, nikaenda kuoga huku naimba.

Niliporudi sikulitambua. Kila tone la maji lilikuwa limekauka na kuacha duara jeupe la chumvi, kuanzia boneti mpaka buti, maduara makubwa kwa madogo, yamepandana. Mama Zuhura alisimama na mwiko mkononi, akalitazama sana, akasema, "Baba Zuhura, umeazima gari au umeazima kanga?" Alimkusudia yule ndege mwenye madoa, na wapishi wote wakaangua kicheko.

Nikaliosha tena. Kwa maji yaleyale! Mtu akitaharuki akili huwa inakaa pembeni inamwangalia. Madoa yakaongezeka, nikayasugua kwa kitambaa kikavu, yakageuka ukungu mweupe kama magoti ya mtoto aliyetoka kuogelea baharini. Na hayo magoti ndiyo yaliyoniponza, maana nikajiuliza, mtoto mwenye magoti kama hayo mama yake humfanyaje? Humpaka mafuta ya nazi.

Nikaingia ndani kimyakimya, nikachukua chupa nzima ya mafuta ya nazi ya mke wangu, nikalipaka gari lote kwa shati langu kuukuu. Weee! Liling'aa kuliko lilivyotoka kiwandani. Madoa yote yakapotea. Idrisa alipotoka na kanzu yake nyeupe (joho alilikataa, alisema joto litamzimisha) alilizunguka mara mbili, akanishika bega, akasema, "Mjomba, umenipa heshima." Nikavimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Njia ya kutoka kwangu hadi barabara ya lami ni ya udongo mwekundu, na mbele yetu kulikuwa na lori la kokoto. Sihitaji kuwaeleza vumbi linafanya nini likikutana na mafuta. Tulipofika Dunda gari lilikuwa limeota manyoya mekundu, na mimi nikiwa nyuma ya usukani sikujua lolote, njia niliiona safi, kwa sababu kioo cha mbele ndicho pekee nilichokuwa sijakipaka. Vigelegele vikapigwa, Idrisa akashuka, na kabla sijazunguka kumfikia, mpiga picha akamwambia, "Bwana harusi, egemea gari kidogo, hapohapo, tabasamu." Akaegemea. Akatabasamu. Picha ile ninayo, ni nzuri sana kwa mbele.

Alipojitenga na gari nikaiona ile alama. Mgongo mzima! Mstari wa kioo, kitasa cha mlango, vyote vimejichapa kwa mafuta na udongo, na yeye hana habari, anatembea taratibu kama alivyofundishwa. Nikamrukia kwa nyuma nikamganda kama kivuli, nikimkanyaga visigino kila hatua. Akageuka akaninong'oneza, "Mjomba, vipi?" Nikamjibu, "Twende, mjomba, usigeuke."

Lakini mtu akikaa mkekani mbele ya shehe hukai nyuma yake umembandika tumbo. Tulipoketi, minong'ono ikaanza. Mzee Hatibu akaniinamia, akauliza kwa upole, "Mjomba, kijana ameanguka wapi?"

Hapa ningesema kweli, yangeisha. Badala yake nikajibu, "Ah, tumepata kijimsukosuko njiani, lakini tumshukuru Mungu." Neno lile likapita kwa mzee wa pembeni likawa "wamepata msukosuko," likafika mlangoni likawa "wamepata ajali," na lilipoingia ndani kwa akina mama sijui lilikuwa limeshakuwa nini, kwa sababu tulisikia kilio, halafu sauti ya mwanamke ikiita, "Maji! Leteni maji, bibi harusi ameishiwa nguvu!"

Idrisa akainuka wima, uso umembadilika. "Ajali ya nani? Mjomba, nani kapata ajali?"

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ili na ndani wasikie, maana kilio kilikuwa kinazidi: "Jamani, hakuna ajali! Bwana harusi mzima! Mimi nimeosha gari la watu kwa maji ya munyu, juani, likatoka madoa, nikalipaka mafuta ya nazi, likashika vumbi, na yeye akaliegemea. Ndiyo hayo tu. Nisameheni."

Shehe akaangalia chini, mabega yanamtikisika. Idrisa akajipapasa mgongo, akaitazama mikono yake, akanitazama mimi, na nikaona amenikasirikia, kweli amenikasirikia, siwezi kuificha hiyo. Kisha Mzee Hatibu akauliza, taratibu, "Gari la rangi gani?"

"Jeusi, mzee."

"Jeusi, ukaliosha saa ngapi?"

"Saa saba."

Akatikisa kichwa kama daktari mwenye mgonjwa mkaidi. "Mimi nilishaliharibu la kwangu hivyohivyo, na sikuwa na harusi ya kusingizia." Hapo baraza zima likalipuka kwa kicheko, na ndani tukasikia kilio kimegeuka kicheko vilevile. Mzee akaingia chumbani, akatoka na joho lake mwenyewe, linanukia udi, akamvika Idrisa mabegani kwa mikono yake, akamwambia, "Kaa, mwanangu, ndoa ifungwe." Mwanangu, alimwita. Nilijifanya natafuta kiatu changu ili watu wasinione machozi.

Idrisa hakunisemesha mpaka wakati wa kula, ndipo akanisogezea sinia akasema, "Kula, mjomba, ila usiguse kanzu yangu," nikajua yameisha.

Gari nililirudisha kesho yake. Nilimwamkia Mzee Kombo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye gari, na hakunigombeza, jambo ambalo ni baya zaidi. Alilisogeza kivulini, akatoa ndoo ya maji ya mvua na siki ya achari, akachanganya siki kidogo kwa maji mengi, tukasafisha pamoja, mlango mmoja mmoja, yeye anasuuza, mimi nafuta papo hapo kwa kitambaa laini kabla tone halijakauka. Ilituchukua asubuhi nzima. Madoa matatu kwenye boneti yalikataa kutoka, yapo mpaka leo, na Mzee Kombo kila akipita barabarani ananipigia honi, nami najua anachokumbuka.

Nimejifunza nini? Kwamba mwenye kitu akikupa maelezo, acha kuhesabu nyama, msikilize. Na nadhiri yangu ni hii: nikiazima kitu cha mtu sikipendezeshi tena hata kwa dawa, nakirudisha na vumbi lake.